Gurudumu la nyuma likiteleza, safisha kwanza ndipo ukaze

Ukipanda mlima kwa baiskeli ya milimani iliyong'olewa gia, sauti hiyo utakuwa unaijua. Unasimama kwenye pedali, nyuma panalia "ko!", halafu tairi linaanza kukwaruza bomba la fremu upande wa kushoto. Cheni imelegea, na usipokuwa makini inachomoka kabisa.

Hapa Morogoro baiskeli za namna hii ziko nyingi. Mtu ananunua mtumba wenye gia 18 au 21, gia zinachoka, fundi anatoa kila kitu, anafupisha cheni na kuacha sahani moja mbele na sproketi moja nyuma. Kwenye lami ya kuelekea Msamvu inakwenda vizuri tu. Ipeleke barabara ya Morningside, na mawe yake na ule mwinuko, ndipo utajua kama ekseli, kile chuma cha katikati ya gurudumu, imeshikwa au imeegeshwa.

Ushauri wa kwanza utakaopewa kila mahali ni "kaza zaidi". Mimi siufuati. Nimeona nati nyingi zikikatwa nyuzi na watu wanaovalisha spana bomba refu ili wapate nguvu, na baada ya wiki gurudumu linateleza vilevile. Fundi ninayempelekea baiskeli yangu alimwambia mteja mmoja mbele yangu, "Kaka, hapo hukazi tena, hapo unakata nati." Shida mara nyingi ni mshiko: chuma hakiumi chuma.

Ona kwanza nguvu zenyewe zilivyo. Mtu wa kilo 70 akisimama na uzito wake wote kwenye pedali moja, kranki (mkono unaobeba pedali) ina milimita 175 na sahani ya mbele ina meno 32, cheni inavutwa kama vile imening'inizwa mzigo wa karibu kilo 190. Kwa sahani ya meno 48, uzito uleule unaivuta cheni kwa kama kilo 126. Yaani kadiri unavyoifanya baiskeli iwe nyepesi kupanda, ndivyo cheni inavyoizidi ekseli nguvu. Na kwa kuwa cheni iko kulia, ncha ya kulia ya ekseli ndiyo inayovutwa mbele, gurudumu linapinda, tairi linagusa kushoto. Kwa hiyo kazi kubwa iko upande wa kulia. Kushoto huwa hakuna matata.

Toa gurudumu uangalie mipasuo ya fremu, pale ekseli inapokaa. Ukikuta rangi nene, umempata mwizi. Rangi ni laini. Nati inaikandamiza, inasagika, na nafasi iliyobaki ndiyo ulegevu wako. Ikwangue hadi chuma kionekane, nje na ndani, kisha pitisha msasa. Futa grisi yote kwenye nyuso hizo kwa kitambaa chenye petroli kidogo, mbali na moto. Grisi ina mahali pake: kwenye nyuzi za ekseli, na kati ya nati na washa, ili nguvu ya spana iende kwenye kubana badala ya kuishia kwenye msuguano wa nyuzi. Washa inapogusa fremu pawe pakavu.

Sasa shika washa yenyewe, ipitishe kidole gumba. Ina meno? Washa bapa inayong'aa haifai upande wa kulia. Tafuta yenye meno, au nati yenye kola ya meno inayozunguka peke yake. Hiyo ndiyo bora, kwa sababu ukiikaza haiburuti ekseli kutoka pale ulipoiweka. Geuza uangalie na nati ya ndani, ile inayofunga koni, kipande kinachobana gololi za gurudumu. Nayo hubana fremu kutoka ndani, na watu wengi hawaikumbuki. Meno yake yakiwa yamelika, ibadilishe. Bei yake si ya kuumiza kichwa.

Kuna na jambo la vipimo. Ekseli za nyuma za baiskeli za kizamani, zile nyeusi za mizigo, kwa kawaida ni za inchi, robo tatu ya nusu inchi, yaani milimita 9.5. Za mitumba mingi ya milimani ni milimita 10. Nati ya milimita 10 ukiivalisha ekseli ya inchi itaingia, tena kirahisi mno, itacheza kidogo, na siku ukiikaza kwelikweli itatoka na nyuzi zake. Nenda dukani na ekseli mkononi, ujaribishe hapohapo.

Baiskeli yenye kwiki rilizi, ile ya kimkono cha kukunja, ina mtego wake. Ekseli yake ina tundu katikati, na ncha zake hazitakiwi kutokeza nje ya unene wa fremu. Zikitokeza hata kidogo, kimkono kinabana ncha ya ekseli huku fremu ikibaki huru. Utakaza hadi vidole viume bila faida. Ipunguze kwa tupa. Kimkono nacho kiwe cha aina ambayo kamu yake, kile kipande kinachobana ukikunja, imefichwa ndani ya chuma, na nati yake iwe na meno ya chuma. Vile vya rangirangi, vyenye kamu iliyo wazi na kipande cha plastiki chini yake, havibani kama hivyo. Mimi kwa mlima ningeweka ekseli nzima ya nati na kumaliza maneno.

Kukaza kwenyewe: spana namba 15, yenye urefu wa sentimita 20 hivi. Vuta gurudumu nyuma, kaza kulia kiasi, nyoosha tairi likae katikati, kaza kushoto, rudi kulia umalizie. Kwa spana ya urefu huo, mvuto wa kama kilo 18 kwenye ncha unatosha. Cheni ibaki ikicheza sentimita moja juu na chini katikati yake, na uizungushe mzunguko mzima, kwa sababu sahani nyingi hazina duara kamili na kuna mahali cheni itakaza. Pima hapo panapokaza. Halafu chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye fremu. Mstari ukikatika, utajua kilichosogea kabla tairi halijaanza kukwaruza. Baada ya safari ya kwanza kaza tena.

Ukiwa mzito, au unabeba mzigo, weka ajasta ya cheni kama za pikipiki, ile skrubu inayoivuta ekseli nyuma, upande wa kulia tu inatosha. Hii ni kwa fremu ambazo mipasuo yake inafunguka kuelekea nyuma. Kwenye fremu hizo kuna na njia ya bei ya bure: kata kipande cha chuma chenye unene wa fremu au pungufu kidogo, kiweke ndani ya mpasuo mbele ya ekseli, washa na nati ya ndani zikishikilie. Ekseli haina tena pa kwenda.

Mipasuo ikiwa ya wima, gurudumu haliwezi kusogea mbele. Tatizo lako ni cheni kulegea, na kile kimkono cha gia ulichotupa kingekusaidia kuivuta. Na fremu ambayo mipasuo yake imeshalika na kutanuka, kama ni ya chuma mpelekee mchomeleaji aongeze washa nene pembeni. Ya alumini usiipeleke kwa mchomeleaji wa mageti.