Uzi umenyooka, mkunjo uko wapi?

SWALI: Nilitaka picha ya ukutani ya parabola (mstari uliopinda kama njia ya jiwe lililorushwa), nyuzi zilizonyooka zikitoa mkunjo. Uzi unalegea na naona mistari sambamba tu. Nakosea wapi? Msomaji, Tabata

JIBU: Makosa ni mawili. Mistari sambamba inatokana na kuhesabu pande zote mbili kuanzia kwenye kona. Wengi hukwama hapo. Chora pembe mraba, piga misumari 30 kila upande, ikiachana sentimita 1. Upande wa wima hesabu kutoka juu, wa mlalo kutoka kwenye kona, kisha unganisha 1 na 1, 2 na 2, hadi 30.

Kulegea ni misumari kuinama. Tumia plaiwudi ya milimita 12, msumari wa inchi 1 uzame sentimita 1. Uzi uwe wa pamba, ule wa kufumia vitambaa vya makochi, sufu hutanuka.