Weka hizo kadi za mifupa chini, anza kufuata damu

Umeuliza usome anatomia (mwili umejengwaje) na fiziolojia (unavyofanya kazi) saa ngapi kwa siku, ununue atlasi, yaani kitabu cha picha za mwili, au la, na kama kadi za rangi zinasaidia. Lakini kilichonishtua ni ile sentensi yako ya mwisho: "Mifupa yote 206 nimeshaimaliza, sasa naingia kwenye misuli, fiziolojia nitaipitia wiki ya mwisho." Hapana! Njia hiyo niliipita mimi, na nikarudia somo zima.

Aliyenipoteza ni mwanafunzi wa mwaka wa juu. Aliniambia, "Anatomia ni kukariri, fiziolojia ni maelezo tu, ukisoma mara moja imeingia." Mpaka leo nikikumbuka maneno yale damu inanichemka. Unamwambiaje hivyo mtu anayeanza, ambaye hana namna ya kujua kuwa unampoteza?

Basi nikakariri. Nikaingia kwenye mtihani, nikakutana na swali hili: vali ya mitrali, mlango mmojawapo wa moyo, inavuja, eleza kwa nini mgonjwa anahema kwa shida. Jina nililijua. Nilijua iko kati ya atriamu (chumba cha juu cha moyo) na ventriko (chumba cha chini) ya kushoto, nilijua ina vipande viwili, na mwenzake wa kulia ana vitatu. Nikaandika hayo yote, kisha kalamu ikasimama. Ilhali jibu ni safari tu: ventriko ikikaza, sehemu ya damu haiendi kwenye aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, inarudi atriamu ya kushoto. Presha inapanda humo, inasukuma nyuma hadi kwenye vena za mapafu (mishipa inayorudisha damu moyoni) na kapilari zake, vile vimishipa vyembamba sana, maji yanavuja kuingia kwenye mapafu, oksijeni inapita kwa taabu. Kila neno katika hayo nilikuwa nalo kwenye kadi. Sikuwa nimewahi kuyaunganisha.

Niliporudia somo nilishika jambo moja: funga kitabu, chukua karatasi tupu, chora, na kila mshale useme "kwa sababu". Ukikwama, hapo ndipo unafungua kitabu, si kabla. Tazama figo. Zinachuja takriban lita 180 kwa siku, mkojo unaotoka ni kama lita moja na nusu. Nyingine zote zimekwenda wapi? Jiulize hivyo, utaona kwa nini sehemu ya kwanza ya neli ya nefroni, kichujio kidogo cha figo, imejaa mikrovili, yaani vinyweleo vidogo mno: bila eneo kubwa, maji na chumvi vyote hivyo vingerudi vipi kwenye damu? Baada ya hapo jina halikutoki tena, maana unajua kazi yake.

Na usiache hilo hadi wiki ya mwisho, tafadhali. Leo hii, kabla hujalala, chora safari ya tone moja la damu, ulitoe kwenye vena kava (mshipa mkuu unaoleta damu moyoni) ulifikishe aota, kupitia kila chumba, kila vali na mapafu, kitabu kikiwa kimefungwa. Ukikwama, rudi hapa uniambie umekwamia wapi.