Kangaga pembe: lile jani la kahawia usilikate

Mkuu, umeuliza kama ulikate lile jani kavu la kahawia lililokumbatia shina la kangaga pembe (Platycerium), na kwa nini pembe zake zimeanza kulegea. La kwanza nakuomba sana: liache. Mmea wangu wa kwanza niliuua kwa mkasi.

Mmea huu una majani ya aina mbili. Yanayochomoza kama pembe ndiyo yanayobeba spora (chembe za uzazi), yale mabaka ya kahawia chini ya ncha ambayo wengi huyadhania ugonjwa. Mengine ni ya ngao: huota mabichi yakiwa bapa, kisha hukauka kama karatasi na kubaki palepale. Yakishakauka bado yana kazi. Porini mmea huu hung'ang'ania gome la mti bila udongo, na hauunyonyi mti wenyewe. Hula majani na takataka zinazodondokea nyuma ya ngao na kuozea humo. Mizizi iko hapo, na unyevu unakaa hapo. Mimi nilibandua ngao zote nikitaka ubao nilioufungia mmea upendeze. Ndani ya wiki chache pembe zilisinyaa moja baada ya nyingine, zikadondoka. Niliumia.

Wa pili nimeufunga ubaoni kwa mshipi wa nailoni, mizizi nimeiviringishia sfagnamu (aina ya mosi inayoshika maji). Siku ya maji nauzamisha kwenye beseni kama dakika 15, mpaka viputo viache kutoka nyuma ya ngao, halafu nauacha uchuruzike kabisa kabla ya kuurudisha ukutani. Ratiba sina. Naunyanyua: ukiwa mwepesi na sfagnamu inakwaruza kidole, zamu ya maji imefika, ukiwa mzito, unasubiri. Siku za joto huwa ni kila wiki, za baridi hata wiki mbili au zaidi.

Sasa huko kulegea. Kiu hulegeza pembe, na kuoza pia hulegeza pembe, ndiyo maana watu huongeza maji wakaumaliza mmea. Tazama kitovu, pale pembe zinapochomoza. Kikiwa kigumu na ubao ni mwepesi, ni kiu, zamisha. Kikiwa cheusi na kinabonyea, umeoza: usitie maji tena, usogeze penye hewa inayopita, na ukubali kwamba huenda usipone.

Ule unga mweupe juu ya pembe usiufute, si vumbi. Ni vinywele vinavyozuia mmea usipoteze maji, na vikifutika havirudi kwenye jani hilo. Mwanga uwe mwingi, ila jua kali la mchana lisiupige moja kwa moja. Mbolea ya maji naweka nusu ya kipimo, mara moja kwa mwezi ukiwa unaota.

Hebu bonyeza kitovu leo, kisha rudi utuambie ni kigumu au kinabonyea.