Shamba ni langu, mninga si wangu

Niliponunua eka tatu kijijini, wilaya ya Kilosa, nilishapiga hesabu zangu. Ule mninga uliosimama katikati ya kiwanja ungetoa milango na madirisha ya nyumba nzima. Nilimuuliza mwenyekiti wa kitongoji tulipokutana njiani, akacheka: "Shamba si lako? Kata tu." Nikaita fundi wa chenso.

Tulianza na tawi. Lilipokatika, jeraha likachuruzika utomvu mwekundu kama damu, ndivyo mninga ulivyo. Mzee jirani akavuka mpaka, mikono nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una kibali?"

"Kibali cha nini, na shamba ni langu?"

"Shamba ni lako, mwanangu. Mninga je?"

Fundi alizima mashine kabla sijajibu. Baadaye alikiri kwamba alijua, ila kazi ni kazi. Wakikukamata porini, chenso yenyewe inaweza kutaifishwa. Sijui alikuwa anamtegemea nani.

Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inaruhusu aina fulani za miti kutangazwa kuwa miti iliyohifadhiwa. Mninga, mvule na mpingo imo. Hati ya ardhi haikupi ruhusa ya kuikata, unahitaji leseni. Na lile neno la mwenyekiti njiani, hata kama alilisema kwa nia njema, si leseni.

Kwa hiyo nenda kwanza kwa mtendaji wa kijiji, si kwa fundi. Muulize mambo mawili: huu ni mti gani, na je, eneo hili limo ndani ya msitu wa hifadhi wa kijiji? Kama limo, kamati ya maliasili ya kijiji ina sheria zake ndogo, na wao ndio wenye usemi. Kama halimo, maombi yako yatahitaji ridhaa ya serikali ya kijiji kwa maandishi, yenye muhuri, kisha ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, wilayani. Hapo usiende na haraka. Maombi ya kuvuna hupitia kamati ya wilaya, na kamati haikutani kwa sababu wewe una fundi anayekusubiri.

Jina la mti lihakikishe kwa mtu anayeujua. Mimi nimeona watu wakibishana kuhusu mti usio na majani wakati wa kiangazi, kila mmoja na jina la kwao. Beba tunda: la mninga ni la mviringo, lina ukingo mwembamba kama karatasi na katikati limejaa miiba. Afisa misitu akiliona hahitaji maelezo.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni safari. Hata mitiki uliyoipanda mwenyewe, ukipakia mbao zake kwenye gari utaulizwa hati ya kusafirishia kwenye kizuizi. Iulizie siku ileile unayoulizia kukata.

Mimi leseni sikuiomba. Ramani ya nyumba niliisogeza hatua kumi na tano, na milango nikanunua ya mtiki mjini. Bei iliniuma. Muuza mbao alinishangaa nilipodai stakabadhi na kusimama pale hadi akaiandika.