Maana ya neno "aver" katika hati ya madai

Ndugu, umeuliza kwa nini wakili wa mwenye nyumba wako ameandika kwa Kiingereza kwamba mteja wake "avers" kuwa una deni la kodi ya miezi mitatu, na kama maana yake ni kwamba deni limekwisha kuthibitishwa. La, bado.

Waingereza walilipata neno hilo kwa Kifaransa cha kale, nacho kililiunda kutokana na neno la Kilatini "verus", yaani kweli. Hapo mwanzo lilimaanisha kuthibitisha, na katika mahakama za zamani za Uingereza mtu aliyeleta jambo jipya katika shauri alifunga maelezo yake kwa kutamka kwamba yuko tayari kulithibitisha. Siku hizi makali hayo yameisha, likabaki kudai tu, ingawa kwa sauti nzito (nadhani ndiyo sababu mawakili wetu wa mahakama za Milimani, Nairobi, hulipenda mno).

Kwa hiyo lisome kama "anadai". Kifungu cha 107 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinamtwika anayedai mzigo wa kuthibitisha. Hata hivyo usinyamaze, kwa kuwa chini ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010, dai lisilokanushwa huchukuliwa kuwa limekubaliwa. Ikiwa aya ya 5 inasema hukulipa kodi ya Machi nawe una ujumbe wa M-Pesa, ikanushe aya hiyo kwa namba yake, ueleze tarehe na kiasi ulicholipa, kisha uuambatanishe ujumbe wenyewe kama kielelezo.