Nifundisheje sayansi ya data bila chumba cha kompyuta?

SWALI: Habari za kazi, dada. Nafundisha Hisabati katika shule ya sekondari ya kata wilayani Chamwino. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wamesikia habari za sayansi ya data na akili mnemba, na kila nikiingia darasani wananiuliza tutaanza lini. Shule ina kompyuta mpakato moja, nayo ni ya ofisi ya mkuu wa shule. Intaneti ni ya simu yangu. Nianzie wapi?
Mwalimu wa Hisabati, Chamwino

JIBU: Mwalimu mwenzangu, anza wiki ijayo, na hiyo kompyuta iache ofisini kwanza. Kijana anayeanzia kwenye kompyuta huishia kujua kubonyeza, akachora grafu ya kupendeza ya namba asizojua zimetoka wapi. Kazi ngumu hutangulia grafu: kuuliza swali linalopimika, kukubaliana mnapima nini, kisha kusafisha mlichokusanya, yaani kuamua la kufanya na majibu yasiyolingana au yaliyokosekana. Daftari na rula vinatosha.

Nilipokuwa nafundisha mjini Dodoma, niliwatuma wanafunzi Soko la Majengo kila Jumamosi wakaandike bei ya nyanya. Wote walirudi na jibu moja: fungu, shilingi 1,000. Jumamosi iliyofuata, 1,000 tena. Grafu ikawa mstari mlalo, na huku nyumbani mama zao wanalalamika kwamba nyanya zimepanda. Darasa likagawanyika, kila upande ukishikilia lake, hadi binti mmoja alipohesabu nyanya zenyewe. Fungu lililokuwa na nyanya tisa sasa lilikuwa na sita. Nyanya moja ilikuwa imetoka kama shilingi 111 hadi 167, na muuzaji hakuigusa ile 1,000 yake. Ubishi ukahamia kwingine: nyanya kubwa na ndogo zihesabiwe sawa? Tukaazima mizani ya maabara, tukaanza kuandika gramu. Wako waulize pia gunia la lumbesa liandikweje kwenye jedwali. Watoto wa wakulima watakuwa na mengi ya kusema.

Zoezi la pili lifanyieni shuleni. Waulize wanatumia muda gani kufika shule, bila kuwaelekeza waandikeje. Utapata "dk 40", "nusu saa", "mbali", "natoka saa 11", na mmoja ataacha wazi. Usiwasahihishie. Wape kipindi kizima wakubaliane la kufanya na kila jibu. Aliyeacha wazi aandikiwe sifuri? Basi wastani utashuka, na huenda yeye ndiye anayetembea kuliko wote. Majina wasiandike, na mambo ya kipato cha nyumbani wasiyaguse kabisa. Waambie kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwamba taarifa za jirani yao wa dawati nazo ni za mtu.

Wakishazoea namba zao, wape za taifa. Hapa ndipo napapenda zaidi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu iko hapa hapa Dodoma, na matokeo ya sensa yako wazi kwa yeyote. Mwaka 2012 mkoa wetu ulikuwa na watu 2,083,588. Mwaka 2022, watu 3,085,625. Hilo ni ongezeko la asilimia 48. Nchi nzima, kutoka 44,928,923 hadi 61,741,120, ni asilimia 37. Uliza kwa nini sisi tumezidi. Darasa zima litajibu kwa sauti moja: serikali imehamia Dodoma! Jibu linaingia akilini, na watu wazima wengi huishia hapo hapo.

Sasa andika ubaoni namba za jiji peke yake: 410,956 mwaka 2012 na 765,179 mwaka 2022. Watoe wenyewe. Mkoa uliongezeka watu 1,002,037, na jiji 354,223, yaani kama theluthi moja tu. Waliobaki wako Chamwino kwenu, Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Chemba na Kondoa. Kwa hiyo lile jibu la haraka lina upungufu, na wameligundua kwa kutoa na kugawanya. Mwanafunzi mwerevu atakukumbusha kwamba Ikulu iko Chamwino, nje ya jiji. Mpongeze, kisha mwulize: ungehitaji namba gani kulithibitisha hilo? Atasema za kila wilaya, labda hata za kata. Ziko kwenye matokeo ya sensa. Pakua kwa simu yako mara moja, uchapishe.

Baada ya hapo nenda kamwombe mkuu wa shule ile kompyuta kwa vipindi viwili kwa wiki. Weka LibreOffice Calc, programu ya majedwali na hesabu, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti ikishapakiwa. Kila kundi liingize jedwali lake la nyanya: mstari mmoja kwa kila fungu, na safu za tarehe, bei, idadi na gramu. Lugha ya kuandikia programu, kama Python, isubiri hadi wachoke wenyewe kurudia hesabu ile ile kwa mkono. Watachoka mapema kuliko unavyodhani.

Mkikwama kwenye jedwali, niandikie tena, na unitumie picha yake kama lilivyo, na makosa yake yote.