Kuandaa miradi ya watoto wa klabu kwa maonyesho ya kaunti: jibu kwa mwalimu wa Ganda

Salaam aleikum, mwalimu. Umeuliza jinsi ya kuandaa miradi ya watoto wa klabu yenu ya 4K, yaani klabu ya kilimo ya wanafunzi, huko Ganda karibu na Malindi, hadi ifike mbele ya majaji wa maonyesho ya kilimo ya kaunti, na umesema ndiyo mara yako ya kwanza kuwa mlezi. Waliotangulia kukujibu wamekushauri uchapishe bango kubwa, utafute vitambaa vya meza na uwashonee watoto fulana za rangi moja. Hivyo vyote vinapendeza. Lakini mimi nimelea klabu hapa Malindi kwa miaka mingi, na mara kadhaa nimeitwa kumshikia jaji daftari la alama. Kutoka pale pembeni yake nakwambia kwamba bango halimpi mtoto alama hata moja. Jaji anatazama kitu chenyewe kama kimekaa vile masharti yanavyotaka, kisha anamtazama mtoto kama anajua alichofanya na sababu ya kukifanya hivyo.

Kwa hiyo pata kitabu cha masharti mapema, ukisome na watoto wakiwa wamekaa mbele yako. Usikisome peke yako usiku ukaja kuwapa maagizo. Kila kundi lina idadi yake, umri wake na namna yake ya kupangwa mezani. Ukitakiwa nyanya tano, peleka tano. Nimeona sahani yenye nyanya saba, nyekundu, zimenona ajabu, ikiwekwa kando bila kupimwa, na mtoto aliyezimwagilia tangu miche akawa hajui amekosea wapi. Na hizo tano zifanane: ukubwa mmoja, rangi moja, umbo moja. Moja kubwa mno kati ya nne za wastani inaharibu sahani nzima, maana jaji anatafuta kama mkulima anaweza kuchagua. Watoto wengi hili linawashangaza. Wanataka kupeleka ile kubwa kuliko zote shambani.

Jambo la kuzungumza nao kabla ya chochote ni namna alama zinavyotolewa, kwa sababu hapo ndipo watoto wanapoumia. Klabu zetu za 4K zina undugu na zile za 4-H, klabu za vijana za Marekani. Mwaka 1902 huko Ohio mwalimu mmoja, A. B. Graham, alianza kuwakusanya watoto wa shamba wajifunze kwa kutenda, na klabu za namna hiyo zikaenea. Kwenye maonyesho ya kaunti ya huko hutumia sana mfumo wanaouita wa Kidenmaki: mradi wa kila mtoto unapimwa kwa kiwango kilichowekwa, haupimwi kwa mradi wa jirani yake. Aliyekifikia kiwango anapata utepe wa buluu, mwenye kazi nzuri iliyo na kasoro kidogo anapata mwekundu, na ambaye bado ana mengi ya kurekebisha anapata mweupe. Watoto kumi wakifikia kiwango, wote kumi wanavaa buluu. Kwetu mara nyingi ni wa kwanza, wa pili na wa tatu, basi, waliobaki wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Mfumo wa maonyesho yetu siwezi kuubadilisha, ila ndani ya klabu tunautumia ule wa tepe. Kabla ya siku kuu tunafanya maonyesho madogo shuleni, tunamwalika afisa wa kilimo au mkulima mzoefu wa jirani aje awe jaji, na kila mtoto anarudi na karatasi iliyoandikwa kilicho kizuri na cha kurekebisha. Fanya hivyo mwalimu, nakuomba sana. Mtoto aliyewahi kuhojiwa mara moja na mgeni hatetemeki tena.

Sasa nije kwenye vitu vyenyewe, nianze na muhogo kwa kuwa huko Ganda hamtaukosa. Muhogo ukishang'olewa hauna subira: baada ya siku mbili tatu ndani yake hutokea michirizi ya rangi ya samawati iliyokoza, na jaji akiukata anaiona papo hapo. Ung'oeni jioni ya kuamkia maonyesho, si wiki nzima kabla ati muwe tayari. Ung'oeni polepole, ardhi ikiwa na unyevu, maana pale ulipochubuka au kuvunjika ndipo uharibifu unapoanzia. Acheni kipande kifupi cha shina juu ya mizizi. Udongo ufutwe kwa kitambaa, usisuguliwe kwa brashi hadi ganda la nje litoke.

Pojo na kunde zina kazi nyepesi lakini ya uvumilivu. Zikauke vizuri juani, zipepetwe, kisha zimwagwe kwenye sinia na watoto wazichague kwa mkono: zilizotobolewa na fukusi kando, zilizosinyaa kando, mbegu za aina nyingine kando. Ukipanda pojo mvua za masika zinapoanza, Aprili hivi, utakuwa umevuna kufikia Julai. Hivyo hata maonyesho yakiangukia Agosti una muda wa kutosha.

Mayai ndiyo mradi ninaoupenda kuliko yote kwa watoto wadogo, kwa sababu hauhitaji shamba na unafundisha jicho. Waambie watoto wasiyaoshe. Yai lina utando mwembamba wa nje unaozuia vijidudu kupenya, na ukilisugua kwa maji utando huo unaondoka. Dawa ya mayai machafu ni kuweka nyasi kavu kwenye viota na kuokota mara kwa mara, wala si maji na sabuni siku ya maonyesho. Chagueni yanayofanana umbo na rangi ya ganda. Kisha ingieni kwenye chumba chenye giza na tochi, muimulike kila moja kwenye ncha butu. Pale mtaona nafasi ya hewa. Yai likiwa limetagwa karibuni nafasi hiyo ni ndogo sana, kama milimita tatu kina chake, na inazidi kukua kadiri yai linavyokaa. Nyufa ambazo jicho halikuziona mchana nazo zinajitokeza hapo. Nimewaona watoto wa darasa la nne wakibishana juu ya nafasi ya hewa kwa hoja ambazo ningefurahi kuzisikia kwa watu wazima.

Mbuzi ana mambo zaidi. Mwangalieni meno kwanza, kwa kuwa makundi hugawanywa kwa umri. Akiwa bado na meno madogo ya maziwa peke yake, hajapita sana mwaka mmoja, na yale mawili mapana ya katikati yakitoka ameshaingia kundi jingine. Kwato zikatwe wiki moja au mbili kabla, msizikate usiku wa mwisho, kwani zikikatwa kupita kiasi mbuzi atachechemea mbele ya jaji. Ikiwa ni mbuzi mweupe wa aina ya Galla, mwosheni mapema siku ya kuamkia na mumlaze kwenye majani makavu. Lakini zaidi ya yote afundishwe kutembea na kamba. Mtoto atembee naye kila jioni, asimame naye, ampange miguu minne ikae sawa, na wakati wote mbuzi awe kati yake na jaji. Jaji akizunguka upande wa pili, mtoto naye ahame. Na msimbadilishie chakula siku za mwisho ili anone, tumbo litamharibikia njiani. Kibali cha kusafirisha mifugo mkiombe mapema kwa afisa wa mifugo, naye amkague kabla hamjaondoka.

Miradi ya mikono, mikeka na vikapu vya miyaa, ndiyo inayoniletea maneno mengi. Jaji mzuri haangalii upande wa juu tu, anakigeuza. Anatazama ukili, ule mkanda wa miyaa iliyosukwa, ulivyoungwa, kama mshono unaonekana, kama upana wa ukili ni mmoja mwanzo hadi mwisho, kama pindo limenyooka, na kama ncha za miyaa zimefichwa. Mwingine anapitisha kitambaa chenye maji aone rangi inatoka. Haya yote mtoto anaweza kuyajua na kuyarekebisha mwenyewe, akipewa muda.

Wakati mmoja alikuja msichana na mkeka mzuri kweli kweli. Theluthi mbili zake zilikuwa kazi ya mkono mmoja, kwa kukaza na kulegeza kwake, halafu theluthi ya mwisho ilikuwa imenyooka kabisa. Jaji aliweka kidole pale mkono ulipobadilika, akamuuliza kwa upole, "Hapa ulianzaje, mwanangu?" Mtoto akainamisha kichwa. Bibi yake alimmalizia kwa mapenzi, akitaka mjukuu wake ashinde. Kile kipande cha kwanza kilitosha kumpa alama nzuri, mimi nilikiona, lakini hakikuweza tena kupimwa kwa haki. Nilisikitika mno siku ile, maana alikuwa mtoto hodari. Tangu hapo kila mwaka naitisha mkutano na wazazi, naongea nao waziwazi: fundisheni, onyesheni, fungueni mshono pamoja naye mara ngapi sijui, lakini mkono unaoshona uwe wake. Mzazi akitaka kusaidia, aketi na mkeka wake mwenyewe pembeni.

Daftari la kumbukumbu ndilo linalopuuzwa. Walimu wengi hulinakili upya juma la mwisho, kwa mwandiko mzuri, takwimu zote zimekaa sawa, na jaji mwenye uzoefu analitambua kabla hajafungua ukurasa wa tatu. Daftari la kweli lina wino wa aina mbili tatu na alama za vidole. Liandikwe tarehe, kilichofanyika, fedha zilizotoka, fedha zilizoingia, na hasara. Hasara hasa! Kijana mmoja aliandika kwamba vifaranga vyake vitatu vilichukuliwa na mwewe, ukurasa uliofuata akaandika amesuka wavu wa makuti juu ya banda, kisha akaandika kwamba hakupoteza kingine. Jaji alikaa naye muda mrefu kuliko wengine wote, akimuuliza wavu aliufunga vipi. Chanjo ya kideri nayo iandikwe tarehe yake, kwa kuwa ni swali lisilokosekana kwenye kuku.

Kuhusu kujieleza, usimkaririshe mtoto hotuba. Hotuba inakatika mara jaji anapouliza swali la katikati. Mzoesheni kwa maswali: kwa nini ulichagua mbegu hii, ulilipa kiasi gani, kitu gani kilikwenda vibaya, mwaka ujao utabadilisha nini. Ajibu kwa lugha iliyo nyepesi kwake. Watoto wetu wengi wanaongea Kigiriama nyumbani na Kiingereza cha darasani kinawabana. Majaji niliokaa nao hapa Malindi hawakumpunguzia mtoto alama kwa kusema Kiswahili, na mtoto yuleyule aliyekuwa bubu kwa Kiingereza hufunguka akaeleza hadi bei ya pumba. Akiwa hajui jibu, aseme hajui. Nimeona alama ikipanda kwa jibu hilo.

Safari nitaipitia haraka. Ondokeni alfajiri kabla jua halijakolea, mboga zifunikwe majani ya mgomba yenye unyevu, mayai yakae ncha butu juu, mbuzi apewe maji ya kutosha. Kila kitu kiwe na kadi ya jina iliyofungwa kwa uzi, si gundi. Beba maji ya kunywa na chakula cha watoto, kwani kungoja jaji huchukua nusu ya siku.

Matokeo yakitoka, mwombe jaji maoni yake kwa kila mtoto, hata wale wasiopata nafasi, uyaandike mbele yake kabla hajaondoka. Wengi wanakubali wakiombwa kwa heshima. Yabandikeni kwenye daftari lilelile la mtoto, ndiyo mtakayoanza nayo msimu unaofuata.

Hukutaja klabu yenu ina miradi gani hasa. Ukiwa na mbuzi, niandikie umri wake na kama ameshazoea kamba, nikueleze kwa kirefu zaidi namna ya kukata kwato.